Swali la Tatu

Ipole, kupitia Sikonge
14 Julai 1975

Kwa mpwa wangu Bertila, Wakili wa Dar es Salaam,

Salamu zangu zihesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuzihesabu. Mimi ni mzima kiasi cha kuudhi majirani. Mama yako Apolinaria nilimwona Tabora wiki iliyopita. Goti limepona, ulimi haujapona. Alinisema kuanzia mlango wa mbele hadi wa uani kwa kuwa nilimpelekea asali ya mwaka jana. Nikamwambia, dada, asali ni kama mimi, haizeeki. Akanifungia mlango.

Hapa kijijini, tangu watupange kwenye mistari ya nyumba za Ujamaa, naishi kati ya Ambrosi na choo cha Ambrosi. Unamkumbuka, yule mrina asali mwenye sauti ya chura, aliyekupa sega ukiwa darasa la pili, nyuki akakuuma mdomoni. Anakusalimu. Nimezipunguza salamu zake ili karatasi itoshe.

Haya, tuje kwenye kazi. Shirika la Mabani ya Magharibi limeingia msituni kwetu na matrekta matatu. Yale mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni usiku na mchana hayashibi, na sasa wanakata miyombo ile ile iliyobeba mizinga yetu. Wameanzia kwenye njia ya zamani ya misafara, aliyopita babu yangu na pembe begani mpaka pwani mara kumi na mbili (wapo wanaosema mbili, ni wivu). Mti unaanguka na mzinga wake. Nyuki wanazunguka juu ya kisiki kutwa nzima, hawajui waende wapi. Jumanne nilikuta mzinga wa Ambrosi umepasuka, asali inatiririka kwenye majani, na dereva wa trekta ameketi anakula, anatema nta.

Desturi yetu unaijua. Mti ukishachongwa alama ya ukoo, hata mtemi hakuugusa. Hawa wanapitisha msumeno katikati ya alama!

Nimewaambia watu mkutanoni: msihofu, nina wakili wangu. Wakauliza, huyo mtoto wa Apolinaria? Nikasema huyo mtoto anavaa joho jeusi, na akisimama yeye majaji wanakaa. Basi simama, mwanangu. Washitaki. Mimi hata kuketi siwezi. Naenda msituni, narudi, naenda tena, kama mtu aliyesahau kitu asichokijua.

Mjomba wako,
Sajenti Elieza Lugembe
(Burma, Kigoma, Mombasa na kwingineko)


Ofisi ya Wakili Premji
Dar es Salaam
9 Agosti 1975

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imetumia siku kumi na tisa, na bahasha ina alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo najua imepitia mikono mingi. Mimi ni mzima. Joto limepungua, nimeacha kulala sakafuni. Mwambie Ambrosi kwamba kovu la mdomoni ninalo bado, na kwamba sega lile lilikuwa tamu.

Majaji huwa wameshakaa kabla sijasimama, lakini ahsante.

Nilimwonyesha Bwana Premji, mwajiri wangu, barua yako. Mzee huyu anafanya kesi za mirathi na talaka mwaka wa thelathini sasa. Alivua miwani. "Binti, mteja hapa ni nani? Nyuki?" Nikasema wateja ni warina asali wote wa Ipole. "Na mdaiwa ni shirika la umma," akasema. "Afadhali wangekuwa nyuki." Lakini hakukataa. Aliirudisha miwani, akaenda kuswali.

Mjomba, kwa miaka mitatu naandika hati za nyumba za watu. Sijapata kutetea kitu chenye majani. Tangu barua yako ifike nashindwa kukaa na faili jingine. Nimefunua vitabu vyote vya ofisi hii. Hakuna palipoandikwa msitu wa mizinga. Ila ipo haki ya kimila, ya watu waliotumia mahali tangu zamani, na hapo napaona mlango. Mdogo, lakini mlango.

Nijibu mambo matatu, bila mapambo. Kwanza, nani walitundika mizinga pale, na tangu lini? Pili, miti gani yenye alama imeangushwa? La tatu ndilo kubwa kuliko yote: kabla ya trekta kufika, je, kuna mtu yeyote hapo kijijini aliyetia saini karatasi yoyote ya shirika? Watu wale hawaingii msituni bila karatasi ya kujikinga nayo. Kama ipo, nataka niijue mimi kwanza, nisije kuonyeshwa na wao mbele ya jaji.

Ni mimi mpwa wako,
Bertila


Ipole
2 Septemba 1975

Mpwa wangu Bertila,

Marahaba, na marahaba nyingine akiba. Sisi wazima. Jogoo wangu amekufa, kifo cha kishujaa, alipigana na mbwa wa mwenyekiti. Nimemzika kwenye sufuria.

Swali lako la kwanza. Walitundika babu zetu, tangu enzi za misafara. Wapagazi wakirudi kutoka pwani walitua mizigo pale kwenye kijito, wakatundika mzinga, wakachonga alama. Ukoo wa Ambrosi alama yao ni pembe mbili na mstari, sisi ni jembe. Ziko alama zilizovimba na kufumbwa na gome hadi unazipapasa kama kovu. Alama hizo zimewazidi umri Wajerumani.

La pili. Miti yenye alama iliyoanguka imefika sabini na kitu. Ambrosi peke yake amepoteza mizinga kumi na mmoja. Siku hizi haongei. Kwake hilo ni jambo la hatari, kwangu ni mapumziko. Mimi katika mizinga yangu sitini nimepoteza mingi mno, sitaki kukuliza.

Na hilo la tatu, karatasi! Hapa Ipole karatasi ni za kusokotea tumbaku, mwanangu. Kapteni wangu kule Burma alikuwa akiniambia, "Lugembe, mwanamume ni neno lake." Alisema kwa Kiingereza, na mimi nikamjibu kwa Kiingereza, na wenzangu walitukodolea macho. Siku moja nitakusimulia jinsi tulivyovuka mto na Wajapani ng'ambo.

Ambrosi amepita hapa mlangoni, anauliza kama wewe wa Dar umesikia lolote kuhusu ile barabara tuliyoahidiwa Februari. Nimemwambia anyamaze, naandika mambo ya sheria.

Karatasi yenyewe imeniishia.

Sajenti E. Lugembe


Ofisi ya Wakili Premji
Dar es Salaam
30 Septemba 1975

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa jogoo. Mama ameniandikia kwamba ulifika Tabora mara tatu katika wiki mbili, hukuleta asali, hukuketi, ulisimama tu uani ukiuliza kama nimeandika. Nimeandika. Posta ndiyo haina haraka.

Madai nimeyafungua katika mahakama ya Tabora, na ombi la zuio juu yake, matrekta yasimame mpaka kesi isikilizwe. Jina la kwanza kwenye madai ni lako. Bwana Premji aliposoma nakala aliinuka akafunga mlango. Kisha akaniuliza, "Unajua walionipigia simu asubuhi ni akina nani?" Nikasema sijui. Akasema afadhali nisijue.

Alama za wapagazi zitatusaidia sana. Lakini umeruka swali la tatu. Ukurasa ulikuwa na nafasi, Mjomba. Jogoo alipata mistari miwili.

Tena umetaja barabara. Nani aliahidi Februari? Kwa mdomo au kwa maandishi? Nakuuliza mara ya pili: nani alitia saini?

Bertila


Ipole
21 Oktoba 1975

Mpwa wangu mpendwa,

Jina langu ndilo la kwanza? Nimewasomea watu wote. Nimemsomea hata yule mbwa wa mwenyekiti.

Sikiliza nilivyofanya upelelezi. Nilipanda baiskeli hadi kwenye mabani yao, nikapita katikati ya marundo ya kuni kama mkaguzi. Mlinzi akauliza, "Mzee, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kigoda cha mama mkwe, ana matako yasiyokubali kila mti. Akacheka, akanisaidia kutafuta! Chini ya rundo nikalikuta gogo lenye pembe mbili na mstari, alama ya Ambrosi nzima, haina hata mkwaruzo. Mlinzi mwenyewe alinifungia gogo kwenye baiskeli. Sasa liko chini ya kitanda changu. Nikilala nanusa utomvu wake.

Kuhusu barabara, muulize Ambrosi, yeye ndiye aliyeipenda. Anaamka asubuhi anatazama upande wa Sikonge kama kuna greda linakuja. Kuhusu mengine, mvua imekaribia na macho yananisumbua, siwezi kuandika zaidi.

Wanapanda tumbaku mpya sasa. Trekta linapita mpaka karibu na makaburi.

Mjomba wako,
Sajenti E. Lugembe


Dar es Salaam
Nyumbani kwa Mama Dolatbai
25 Novemba 1975

Mjomba,

Shikamoo. Majibu ya shirika yamefika. Wameambatanisha karatasi moja ya Kiingereza ya tarehe 19 Februari 1975. Inasema mwenye msitu wote, kuanzia kijito hadi kilimani, ameruhusu ukatwe kuni kwa miaka kumi, na kwamba aliisoma, akaielewa, na akawafafanulia wanakijiji wote.

Chini yake kuna saini. Mkia wa ile L naujua tangu darasa la kwanza. "Sajenti E. Lugembe, Mwenye Msitu."

Nakuuliza mara ya tatu.

Bertila


Dar es Salaam
Kwa Mama Dolatbai
8 Januari 1976

Mjomba wangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Nimesubiri wiki sita. Nilifikiri barua imepotea, kisha Mama akaniandikia kwamba ulikuja Krismasi na barua yangu mfukoni, umeikunja hadi imekuwa ndogo kama kidonge, na pilau hukuigusa. Sasa najua ilifika.

Sikukasirikii tena. Nilikasirika Novemba, nilikuwa na sababu nyingi Novemba, nyingine si zako. Sasa sina nafasi ya hasira. Ombi la zuio litasikilizwa Tabora tarehe 23 Februari. Ile karatasi ikisimama, tumekwisha: mnapoteza msitu, na mimi nitajulikana kama wakili aliyelishitaki shirika wakati mjomba wake ndiye aliyewafungulia mlango.

Lakini sheria inasema hivi. Mtu hawezi kutoa kisicho chake. Na mtu aliyetia saini maneno asiyoyaelewa, akadanganywa au akajidanganya, anaweza kusimama aseme hivyo. Nakuletea hati ya kiapo. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, na mapengo nimeyaacha uyajaze mwenyewe: wewe ni nani, umesoma hadi wapi, una mizinga mingapi, uliielewaje ile karatasi. Usipambe. Ukisema sitini na ikawa hamsini na tisa, wakili wao atakamata huo mmoja, na hati nzima itakuwa takataka.

Jambo gumu zaidi. Warina asali wote nao lazima watie saini zao kwamba hawakuruhusu. Hawawezi kufanya hivyo huku wanaamini karatasi ile ya Februari ilikuwa ya ile barabara ya Ambrosi. Lazima waambiwe. Ningeweza kumwandikia mwenyekiti awaambie. Sitamwandikia.

Bertila


Ipole
3 Februari 1976

Mpwa wangu,

Salamu leo ni moja, lakini nzito. Sisi wazima.

Nakueleza ilivyokuwa Februari ile. Walikuja mabwana wawili na gari. Mvua ilikuwa imeacha, watu wote tuko nje. Wakauliza, msitu huu wa nani? Mimi mdomo wangu unaujua. Nikasema wangu. Kuanzia kijito hadi kilimani. Nikawapa asali. Wakatoa karatasi, wakasema, Sajenti, tunasikia Kiingereza unakijua, wasomee wenzako. Bertila, watu arobaini walikuwa wananitazama. Miaka thelathini nimewaambia nilizungumza na Kapteni. Ningesema nini? Nikaishika karatasi, nikakohoa, nikasoma. Nikasoma barabara. Nikasoma zahanati. Ambrosi akauliza, na daraja? Nikatazama tena, nikasema, ndiyo, daraja liko huku chini. Kisha nikatia saini juu ya daraja.

Trekta la kwanza lilipokuja, Ambrosi alilipigia makofi. Alidhani ni la barabara.

Hati yako ilinikalia mezani siku nane. Kila nikiliangalia pengo la "mimi ni nani" nainuka naenda msituni. Huko nako hakuna pa kwenda, visiki tu. Juzi Jumapili, watu walipotoka kanisani, nikawaita. Nikapanda juu ya lile gogo la Ambrosi. Walidhani nataka kuwasimulia Burma, wengine wakaanza kuondoka.

Nikawasomea hati. Nimeijaza hivi, uone kabla hujaonyeshwa na watu:

Mimi ni Elieza Lugembe. Nimesoma hadi darasa la tatu. Kiingereza ninachokijua ni "yes sah" na "rice". Burma nilikuwa mpishi wa mesi. Usajenti nilijipa mwenyewe ndani ya treni nikirudi nyumbani. Nina mizinga saba. Msitu si wangu, haujawahi kuwa wangu, na karatasi ile sikuielewa hata neno moja.

Walioanza kuondoka wakarudi. Kisha Ambrosi, kwa sauti yake ya chura:

"Kwa hiyo barabara haipo?"

"Haipo."

"Na daraja?"

"Daraja ulilitaka wewe, nikaliweka."

Akafikiri. "Huko Burma ulipika nini?"

"Wali."

"Ulikuwa mzuri?"

"Siku nyingine uliungua."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo, kisha wakacheka wote, kicheko cha kuuma. Ambrosi hakucheka. Alikuja, akanishusha kwenye gogo lake, akaenda nalo nyumbani.

Jioni wazee walikaa. Mtu akiharibu mzinga wa mwenzake, desturi inasema alama yake inalala msimu mzima. Basi jembe letu limelala. Sitatundika mwaka huu. Nitabeba kamba za Ambrosi na kushika ngazi yake. Na hati zote wametia saini, wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Zimo humu ndani.

Tabora tarehe 23 anakwenda Ambrosi na gogo. Nilijitolea kwenda mimi. Wakasema safari hii aende mtu asiye na maneno.

Sasa na mimi nina swali. Anwani yako imebadilika tangu Novemba. Wewe huulizwi?

Elieza Lugembe,
mpishi


Tabora, nyumbani kwa Mama
1 Machi 1976

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimekaa barazani kwa Mama na kalamu inanitangulia. Anakusalimu. Hati yako ameisoma mara mbili. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili alisema, "Mizinga saba! Miaka yote hiyo ananiletea asali kwenye chupa ya dawa nadhani ni uchoyo."

Ambrosi alifika siku moja kabla, gogo kwenye baiskeli, tope hadi shingoni. Karani hakutaka kulipokea. Akasema kielelezo ni karatasi. Ambrosi akaliweka juu ya meza yake, akasimama pembeni, hakusema kitu. Likapokelewa.

Wakili wa shirika alikuwa amejiandaa kukuchana. Alikuwa na cheti cha jeshi kinachoonyesha wewe ni mpishi, alitaka kukitoa mwishoni kama pigo. Nikawa nimeshaisoma hati yako kwa sauti. Alikishika cheti mkononi, akakirudisha kwenye faili. Jaji alishuka kwenye kiti chake, akapapasa ile alama kwa vidole. Akamwuliza Ambrosi, "Hii nani alichonga?" Ambrosi akasema, "Aliyemzaa babu yangu, alipotua mzigo." Ni hayo tu aliyosema siku nzima.

Tumepewa zuio. Matrekta yasivuke kijito mpaka kesi imalizike. Hatujashinda, Mjomba. Kesi yenyewe huenda ikachukua miaka, na jaji mwingine anaweza kuona vingine. Lakini kwa leo miti iliyosimama inabaki imesimama.

Umeniuliza, na mimi sitakuruka. Novemba, siku ile ile karatasi yako ilipofika, Bwana Premji aliniambia nichague: faili la Ipole au meza yangu. Alisema kwa upole. Nikachukua faili, nikawa nafanyia kazi chumbani nilikopanga kwa Mama Dolatbai. Sikukwambia kwa sababu nawe hukuniambia, nikaona tuko sawa. Hatukuwa sawa. Sirudi Dar. Nimeomba chumba hapa karibu na stesheni, nitaweka meza. Wamekuja watu wawili tayari, wa Igalula, wana kijito chao kimechafuliwa. Sijui kama hiyo ni kazi mtu anaweza kuishi nayo. Sijui hata inaitwaje. Lakini silali na silalamiki.

Mpwa wako,
Bertila


Ipole
11 Aprili 1976

Mpwa wangu Bertila, Wakili wa Tabora,

Marahaba. Sisi wazima. Mabega yangu yana kamba za Ambrosi hadi ndotoni, na mwenyewe anapanda polepole makusudi ili nishike ngazi zaidi. Matrekta yapo ng'ambo ya kijito. Kila asubuhi wanayawasha, yananguruma, wanayazima. Tunasimama upande huu tunatazamana. Hakuna anayelala vizuri, si sisi si wao.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Wazee wamekupa mti. Mwanamke hajapata kupewa mti hapa, palikuwa na maneno mengi, na safari hii si yangu. Ni myombo ulio peke yake kando ya njia ya misafara, walikata wenzake wote wakauacha. Ilibidi tukuchongee alama. Nikapendekeza simba. Ambrosi akasema, "Mchongee mikato mitatu, kwa sababu alikuuliza swali moja mara tatu." Nimechonga kwa mkono wangu, waliniruhusu kwa kuwa si jembe. Mzinga wako tumeutundika mwezi umepita. Ni wa gome zuri, Ambrosi kaushona mwenyewe.

Jana nilikwenda kuuangalia. Nilitaka kukuandikia kwamba kundi zima limeingia, mti unaunguruma, watu wanausikia hadi Sikonge. Barua hiyo nilishaianza, nikaichana.

Nimeona nyuki mmoja. Aliingia, akatoka, akaingia tena.

Mjomba wako,
Elieza